Kofia Inayobeba Maji

2 Desemba

Uzi umefika. Mafungu matano mekundu, moja jeupe, moja jeusi la asili. Nimeuweka kwenye mizani: robo kilo na ushee. Kofia yenye masikio haili hata nusu yake, kwa hiyo uchoyo hawakufanya, hilo nakiri.

Mzee Hilarión kauleta mwenyewe. Alisimama mlangoni na mvua ikimpiga mgongoni, wala hakuingia. Nyumba yangu ni ya chini, na yeye ana alpaka mia mbili na arobaini.

"Uzi wa binti huu," akasema. "Kausokota mwenyewe, katia rangi mwenyewe. Sasa tukuone wewe."

"Nimekusikia, mzee."

"Bakuli langu si dogo, ujue."

Akaondoka. Wenzangu wakitaka mke wana baba, wana wajomba, wana watu wa kwenda kuwasemea kwa maneno matamu. Mimi nina kofia. Jumapili ya kanivali mzee ataigeuza juu chini, ataimiminia maji, nami nitaibeba kwa masikio yake kuuzunguka ua wote mbele ya kijiji. Nikirudi mlangoni haijadondosha, binti yake Nicasia ni mke wangu. Ikivuja, nitavishwa hivyo hivyo ikiwa imelowa, nirudi nilikotoka.

Haitavuja. Kuanzia nina miaka tisa nilichunga alpaka za mzee huyu, na malipo yangu yalikuwa sufu ya tumboni, ile ngumu ambayo hakuna anayeinunua. Nikaisokota, nikaifuma, nikauza. Leo wafanyabiashara watatu wa mjini wanaagiza kofia kwa jina langu: "Tupe za Melitón." Hakuna aliyenishika mkono. Mkono huu nilijishika mwenyewe.

4 Desemba

Nimeanza ukingo. Vitanzi mia nne kwa mzunguko, sindano tano nilizozinoa kutoka spoku za baiskeli. Mtu mwingine angeweka mia tatu na ishirini.

5 Desemba

Mvua.

6 Desemba

Mvua. Vidole vinafanya kazi vizuri, ila uzi huu una jambo.

9 Desemba

Nilifuma upana wa vidole vinne, nikaufunga chini kwa kamba, nikamimina kikombe cha maji. Yalipita kama hayakukuta kitu.

Nikafumua kila kitu. Nikachukua kipande cha uzi chenye urefu wa kidole nikakifungua taratibu, nikihesabu msokoto. Saba. Nikachukua kingine. Saba. Uzi wa Nicasia naujua, nimeununua sokoni kwa miaka. Hauna chini ya kumi na mbili. Na alpaka si kondoo. Unywele wa kondoo una magamba, unashikana wenyewe. Wa alpaka unateleza kama samaki, kinachouzuia ni msokoto tu. Uzi wa saba hauzuii hata mate.

Nimekaa na hasira mpaka chai imepoa. Hii ni kazi ya mzee. Kabadilisha uzi. Hataki aliyekuwa mchungaji wake aje kuketi mezani kwake, na kwa kuwa haya inamzuia kusema hapana, kaamua maji yamsemee.

11 Desemba

Nimemwonyesha uzi shangazi Casimira. Si shangazi yangu wa damu. Ni jirani aliyeniachia jiko lake nilipokuwa sina pa kupikia, na tangu siku hiyo ana haki ya kunitukana.

Aliuvuta, akaunusa, akauweka kwenye ulimi.

"Ni wa Nicasia. Rangi hii hakuna mwingine anayeitoa kwenye vidudu vya mpungate. Anaweka shabu kidogo, halafu anasubiri. Sisi wengine hatuna subira."

"Basi mbona umelegea, shangazi?"

"Mkono umemtetemeka. Msichana anasokota uzi wa mume wake, unataka asitetemeke? Mimi wangu nilisokota hivyo hivyo, kama utumbo wa simbilisi."

"Na kofia ya mumeo ilishika maji?"

"Baba yangu alikuwa amelewa, hakuona." Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe nenda kafume, uache kuhesabu. Utamhesabu na mkeo nywele."

Nimerudi nyumbani mwepesi. Mkono umemtetemeka. Sikulifikiria hilo. Na mzee nimemsingizia.

12 Desemba

Nimeamua. Nitausokota upya uzi mwekundu wote. Desturi inasema uzi uwe wa binti. Haisemi mchumba asiuongezee msokoto. Sitatia unywele mmoja usio wake.

13 hadi 20 Desemba

Kusokota. Mvua. Kusokota.

21 Desemba

Leo imeanguka mvua ya mawe, kubwa kama viazi vya mbegu. Niliona kundi la Mzee Hilarión limetawanyika kilimani na yeye yuko peke yake anapunga poncho yake ya kujifunika. Majike yamezaa wiki hii, na kitoto cha alpaka kilicholowa hakimalizi siku. Niliacha kijiti cha kusokotea kikining'inia nikakimbia.

Tuliokoa kumi na kimoja. Vinne vilikufa. Vya mwisho tulivibeba ndani ya mashati yetu, vikitukojolea, mpaka kwenye kibanda cha mawe. Mzee alikuwa anahema vibaya. Goti lake limevimba kama tikiti. Ndiyo maana, alisema, hawezi kuinama kwenye milango mifupi. Nikakumbuka alivyosimama mlangoni kwangu kwenye mvua. Nilikuwa nimeliwekea tendo lile bei nyingine kabisa.

Alitoa majani ya koka ya kutafuna akanigawia, matatu matatu, kama mtu na mtu mwenzake.

"Kijana, unadhani nani alilitaja jina lako kwanza nyumbani kwangu?"

"Sijui, mzee. Nilidhani Nicasia."

"Ni mimi. Nilimwambia: wenye mifugo ni wengi, wenye mikono hatunao. Chukua mwenye mikono."

"Naye alisemaje?"

"Hakusema kitu." Akatafuna. "Hata mama yake hakusema kitu siku alipotajiwa jina langu. Tukakaa miaka ishirini na sita, mpaka namzika."

Nimeandika haya huku nguo zikikauka mwilini. Miaka yote nimembeba mtu huyu kifuani kama jiwe, kumbe ndiye aliyekuwa upande wangu.

25 Desemba

Kwa Casimira tumekula supu ya viazi vikavu na simbilisi wa kukaanga. Nilisokota mezani. Alinitukana.

3 Januari

Uzi umekuwa kumi na tatu. Nimepima sehemu kumi, hakuna iliyopungua. Nimeanza ukingo upya, vitanzi mia nne.

8 Januari

Mvua. Mizunguko sita.

9 Januari

Mizunguko saba.

10 Januari

Nilitembea mpaka kisimani nikifuma, uzi umepita nyuma ya shingo kama siku zote. Nicasia alikuwa anajaza mtungi. Nilimsalimu. "Habari za mvua?" akauliza. "Nzuri," nikasema, mjinga mimi, kana kwamba mvua ni yangu. Aliitazama kofia, hakunitazama mimi. Nikafurahi. Mfumaji hufurahi kazi yake ikitazamwa.

19 Januari

Leo nimemwambia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yao anachovya, sufuria tatu juu ya moto wa kinyesi cha alpaka, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Kofia ilikuwa imefika juu ya masikio, na ndege wa nakshi wameanza kutokea kwenye safu ya pili. Sikuweza kujizuia.

"Nicasia, nataka nikutoe wasiwasi. Uzi wako ulikuwa umelegea."

Kijiti cha kukorogea kilisimama.

"Usione haya," nikasema. "Hutokea. Lakini nimeusokota upya, wote mwekundu. Sasa una kumi na tatu. Jana nimemimina vikombe viwili na sikuona tone. Siku ya kanivali baba yako alete hata pipa."

"Wote?" akauliza.

"Wote mwekundu. Siku ishirini nimekaa na kijiti. Niliona nisikuambie mpaka nihakikishe."

"Umeusokota wote, Melitón."

"Kwa ajili yako."

Akageuza uso upande wa moshi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono akabaki na mstari mwekundu shavuni. Nilitaka kuufuta lakini si desturi. Nikamwambia asilie, mambo yamekwisha kuwa mazuri. Nikarudi nyumbani nikiimba. Nilipita kwa Casimira nikamwambia Nicasia amelia kwa furaha.

"Alikuambia ni furaha?" akauliza shangazi.

"Mtu hulilia nini tena?"

Casimira aliendelea kumenya viazi. Leo hakunitukana.

20 Januari

Mizunguko saba.

23 Januari

Mvua. Mizunguko minane. Sijawahi kufuma hivi. Uso wa kofia ni kama ngozi.

30 Januari

Imekwisha. Niliijaza maji asubuhi nikaitundika kwenye boriti, nikaenda kulima mtaro, nikarudi, nikala. Chini yake sakafu kavu. Niliigusa kwa nje, kavu. Ni kofia bora kuliko zote nilizowahi kufuma, na nasema hivyo nikiwa mtu asiyejisifu bila kupima.

3 Februari

Jana ilikuwa sikukuu ya Candelaria, nikashuka mjini kupeleka maagizo. Mfanyabiashara mmoja alinionyesha uzi mwekundu alioununua. "Wa msichana wenu," akasema. "Kaniletea Novemba mwishoni. Tazama ulivyokaza, mtu anaweza kujinyongea." Alikuwa anatania.

Nilikata kipande cha urefu wa kidole. Nikakifungua pale pale dukani, watu wakipita na ngoma nje.

Kumi na mbili.

Nikakata kingine. Yule bwana akaniambia, "We, bei yake unaijua?" Kumi na mbili. Rangi ile ile, sufuria ile ile, wiki ile ile aliyosokota wangu. Mkono uliosokota kumi na mbili kwa mtu wa dukani ulisokota saba kwangu. Mkono unaotetemeka hukosea huku na huku. Mara saba, mara kumi, mara tano. Wangu ulikuwa saba, saba, saba, mwanzo hadi mwisho. Hilo si kosa. Hiyo ni kazi, tena kazi ngumu. Kwa msokotaji kama yeye, kuulegeza uzi sawasawa kiasi kile ni sawa na mimi kufuma kofia mbaya kwa makusudi.

Nimepanda kutoka mjini kwa miguu. Nilikuwa na nauli.

Nilipofika nilikumbuka yote kwa mpangilio: kisimani alivyoitazama kofia, kijiti kilivyosimama, "wote?" na lile chozi. Nilimwendea mtu aliyefungua mlango ili atoke, nikamwambia kwa furaha kwamba nimeupigilia misumari.

4 Februari

Sikufanya kazi.

5 Februari

Sikufanya kazi.

7 Februari

Nimekwenda kwa Nicasia. Mzee alikuwa malishoni. Nilikaa juu ya jiwe mbali kidogo na sufuria.

"Ungeniambia," nikasema.

Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namshukuru.

"Ningekuambia nini? Baba kashasema."

"Ungeniambia mimi. Ningejitoa."

"Ukijitoa watu wataulizana umeona nini kwangu. Kila nyumba ingekuwa na jibu lake. Lakini kofia ikivuja, ni kofia tu."

"Ni jina langu, Nicasia."

"Najua." Akachochea moto. "Nililipima. Nikasema Melitón atachekwa msimu mmoja wa mvua, halafu watasahau, ana wateja mjini. Nikakulegezea uzi. Nikalala vizuri. Nilisahau mfumaji ni wewe. Angekuwa mwingine yeyote angefuma, ingevuja, tungekuwa tumemaliza."

Nilicheka, sijui kwa nini. Naye akacheka kidogo, na hapo ndipo palipouma zaidi, maana tulicheka vizuri pamoja.

"Kuna mtu?"

"Lazima awepo?"

"Mimi nina ubaya gani?"

"Huna. Ungekuwa nao ningemwambia baba." Alifuta mikono kwenye sketi. "Sikuchukii, Melitón. Nikikuona njiani nafurahi. Halafu ukipita, nimesahau. Nimengoja labda kitu kitakuja. Mama alingoja miaka ishirini na sita. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, nilimsikia akingoja."

Nina mizani ya uzi, nina mizani ya viazi. Ya hilo sina.

"Siku ya kanivali," akasema, "kofia ikishika maji, nitakuja. Sitakuaibisha. Nitapika, nitasokota. Hutakosa kitu utakachoweza kukitaja."

Aliyasema kwa upole, na mimi nimeyabeba kama kisu.

11 Februari

Mvua. Nimeijaza tena maji nikaitundika. Kavu chini. Nilikuwa natumaini, Mungu anisamehe, kwamba itavuja yenyewe.

13 Februari

Acha niweke hesabu wazi, maana kichwa kinazunguka.

Nikipeleka kofia hii, nitapata mke, na ukwe wa mtu mwenye alpaka mia mbili na arobaini kasoro vile vinne vilivyokufa. Nitapata nyumba ya mlango mrefu. Kila jioni atanikaribisha kwa adabu, na kila nikitoka nje atakuwa amenisahau.

Nikipeleka inayovuja, nitapoteza kitu kimoja. Lakini ndicho kitu pekee nilicho nacho. Sina baba, sina shamba la kurithi. Nina watu wanaosema "tupe za Melitón". Kanivali watakuwepo na watu wa mjini. Mfumaji ambaye kofia yake ya ndoa imevuja, kofia yake ya biashara nani atainunua? Yeye alilipima akasema mvua moja. Hajui. Watu husahau aliyeiba. Aliyechekesha hawamsahau.

Na mimi nadaiwa nini hapa? Mimi niliyepewa uzi mbovu kwa makusudi, nikautengeneza? Kwa nini nilipe mimi?

Hesabu haifungi. Nimeirudia.

14 Februari

Haifungi.

17 Februari

Kofia hufumwa kutoka ukingoni kwenda kileleni, kwa hiyo kilele ndicho kinachofumuka kwanza, na ikigeuzwa juu chini maji yote hukaa hapo. Nilifungua fundo la mwisho nikavuta. Mizunguko ishirini na mbili ilitoka kwa urahisi, bila kukwama, kama ilikuwa inangoja kuambiwa.

Sehemu ile ya kilele ilikuwa nyeupe na nyekundu. Uzi mweupe sikuwa nimeusokota upya wakati ule. Niliouhitaji haukufika hata nusu ya fungu, niliona hautaleta tofauti ukishikwa na mwekundu, nikaufuma mkazo mkazo. Leo nimefuma kilele chote kwa mweupe huo, kama alivyousokota, kwa sindano nene za soksi. Msokoto wa saba. Kwa mara ya kwanza nimeuachia uzi wake uwe ulivyotaka.

Mikono ilikataa. Mara mbili nilijikuta nimekaza. Nikafumua, nikalegeza.

22 Februari, Jumapili ya kanivali

Ua ulijaa. Ngoma, filimbi, unga wa rangi kwenye nyuso za watu. Mzee Hilarión alivaa poncho ya arusi yake mwenyewe. Alikuwa ameleta bakuli la kunyweshea ndama.

"Hili ndilo bakuli lako dogo, mzee?" mtu akapiga kelele.

"Mkwe wangu hahitaji dogo," akajibu, na akanikonyeza. Alisema mkwe. Nikatazama chini.

Alimimina. Nilishika masikio ya kofia nikapiga hatua ya kwanza, nikasikia maji yakinidondokea viatuni kabla hata sijageuka. Nilizunguka ua wote. Desturi inasema uzunguke hata kama inavuja. Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa maji ardhini, na watoto wakaanza kuruka juu yake.

"Jamani, mleteeni ndoo!"

"Hii si kofia, ni chujio! Melitón, kesho niletee moja ya kuchujia pombe!"

"Na anavyojidai mjini!"

Casimira alikuwa ukutani. Yeye peke yake hakucheka. Alikitazama kilele cha kofia, ile nyeupe, akanitazama mimi, akaweka mkono mdomoni.

Nilipofika mlangoni, ndani ya kofia hamkuwa na tone. Mzee aliichukua akaigeuza, akaingiza vidole vyake vya kizee, akavipitisha kileleni vikatokea nje.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "ulikuwa na mikono. Nini kimekupata?"

"Niliharakisha mwishoni, baba."

Nilimwita baba. Ilinitoka.

"Uliharakisha nini? Nilikuwa nakungoja."

Akampa Nicasia kofia, maana binti ndiye anayemvisha aliyeshindwa. Sikuwahi kusimama naye karibu kiasi kile. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo nilikuwa silijui. Aliniwekea kofia, maji baridi yakanishuka masikioni na shingoni, watu wakashangilia. Akashika kamba mbili za masikio ya kofia akazifunga chini ya kidevu changu. Hakuharakisha. Vidole vyake vilinuka moshi. Alipiga fundo la kwanza, akalikaza, akapiga la pili juu yake, kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa kwenye baridi.

Nikatoka, watu wakanipisha njia.

25 Februari, Jumatano ya Majivu

Mvua. Mteja mmoja wa mjini ametuma neno kwamba kwa sasa ana kofia za kutosha.

Ile yangu iko kwenye msumari, bado mbichi. Niliivua kwa kuivuta juu ya kichwa, masikio yakaniuma. Fundo sijalifungua.